Mama Léocadie, Aliyekataza "Kamuzee"

Mumepotea wapi, ninyi munaosoma gazeti hili la hospitali? Ninaanza na hiyo, pongezi zitafuata. Kutoka caisse, pale munapolipa, mupaka chumba chetu cha wazee ni kuvuka uwanja mumoja tu, ule tunaoanikia mashuka. Kutoka laboratoire, pale munapopimwa damu, ni karibu zaidi. Na ninyi familia za wagonjwa, kwa pikipiki kutoka mutaa wa Murara mazungumzo hayajaisha, umeshafika. Lakini mwaka unazunguka, hatuoni hata kivuli chenu mulangoni. Leo mumesikia kuko sherehe, kuko Fanta na gâteau, viti vyote vimejaa, gazeti hili mukononi. Mimi ndiye ninayepanguza chumba kile. Watu wanaoingia ninawajua kwa nyayo zao kwenye sakafu yenye maji, na zenu sizijui.

Basi mukae vizuri. Mama Léocadie Uwingabire, infirmière-chef, mukubwa wa wauguzi wa chumba cha wazee, ametumika katika hospitali hii miaka thelathini na mine. Tarehe thelathini ya mwezi wa sita anavua blouse yake nyeupe ya kazi, anakwenda retraite, anapumzika. Wamenipa mimi, Julie, kazi ya kumuandikia, kwa kuwa nimetumika naye kupita wengine. Darasa sikulikanyaga; kuandika nilijifunza kanisani nikiwa tayari na wajukuu. Mwenye kutafuta makosa ya herufi atafute, lakini maneno asiyaguse. Karatasi za hospitali zinaniita mupaka leo fille de salle, ni kusema musichana wa chumba. Musichana mwenye wajukuu tisa. Mutaona kwa nini ninalitaja.

Mama Léocadie alizaliwa Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, binti wa mulimaji wa haragi, yale maharagwe. Alisoma uuguzi, akaingia hapa mwaka wa tisini na moja, akawekwa maternité, kwa wanaozaa. Wakati wa kipindupindu alitundika perfusion, zile chupa za maji ya mushipa, kwenye vijiti vya mahema. Mulima ulipotapika moto na kukata muji katikati, alirudi kazini viatu vyake vimeungua chini, akaomba sandali tu, kazi ikaendelea. Wakati huo ndipo walipomupa chumba chetu, kile cha mwisho nyuma ya médecine interne, ambacho hakuna aliyekitaka. Ni chumba cha wazee ambao akili zao zinaenda na kurudi. Wengine wanaita wazimu. Yeye alikataza neno hilo siku ya kwanza, kabla hajatundika blouse yake kwenye musumari.

Mulima ulipotapika tena na muji wote ukaambiwa uhame, alikwenda na wazee wetu kwa barabara ya Sake, wengine mugongoni mwa watoto wao, wengine juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Kijana mumoja mwenye chukudu alimuangalia mama muzee tuliyemupandisha, halafu akamuuliza Mama Léocadie: "Huyu ninamupeleka wapi?" Akamujibu: "Unaniuliza mimi? Muulize yeye. Eko na kinywa." Kijana akauliza. Mama yule akasema anakwenda kwa dada yake, ambaye alikuwa amekufa zamani. Mama Léocadie akamuambia kijana: "Umesikia. Sukuma, na umuulize njiani kama amekaa vizuri." Watu wote walikuwa wanakimbia, yeye alikuwa na nafasi ya kusema hiyo. Na vita ilipoingia mujini, alilala kwenye sakafu katikati ya vitanda, na wazee waliposhituka kwa mabomu alikuwa anawaita mumoja mumoja kwa majina yao mazima, jina la baba ndani.

Hayo mutayasikia vizuri zaidi katika hotuba za wakubwa. Mimi nilikuja kusema juu ya neno moja, dogo kuliko yote tuliyo nayo. Neno lenyewe ni ka.

Ninyi wa Goma munalijua. Tunalitia mbele ya kitu tunachokipenda, na tunalitia mbele ya kitu tunachotaka kukipunguza: kamutoto, kanyumba, kakazi. Kule maternité ni lugha ya haki. Kitoto kimezaliwa jana, ukikiita kabébé hujakosea, ni kadogo kweli. Mama Léocadie mwenyewe alisema kabébé miaka mingi, hakuna aliyeumia.

Lakini stagiaire, muuguzi anayejifunza kazi, anatoka pédiatrie kwa watoto, anavuka uwanja, anaingia kwetu, na kinywa hakukibadilisha mulangoni. "Kamama ketu, tumelala muzuri? Tumekojoa? Tumekula? Fungua kakinywa, ee, fungua." Mutu anayeambiwa hivyo alizaa, alizika, alilima mugongo wa mulima kwa jembe la mukono, aliamua kesi za wakwe. Akili yake inaenda na kurudi, sikatai. Inaweza kukosa siku, inaweza kukosa jina la mutoto aliyemuzaa. Dharau haiikosi.

Na ile "tumekula" ilikuwa inamuchoma Mama Léocadie kupita vyote. Alikuwa anamugeukia stagiaire, taratibu kabisa: "Tumekula? Wewe umekula nini? Nionyeshe kijiko chako." Stagiaire anaangalia mikono yake mitupu. "Basi sema umekula, kama unamuuliza yeye. Siku mutakapokula pamoja, utasema tumekula."

Kuna wenye kupaza sauti kama wanaita mutu ng'ambo ya ziwa. Kuna wale wanaosimama kando ya kitanda na kuuliza juu ya kichwa cha mwenyewe: "Huyu anakula? Huyu ametoka choo?" kama mutu anayeuliza bei ya mbuzi. Kuna wale wa maswali: leo siku gani, mwezi gani, gouverneur ni nani, na muzee akikosa wanaangaliana na kucheka kidogo, wakifikiri haoni. Anaona. Mimi ambaye niko chini na raclette yangu ya kuvutia maji ninaona kwamba anaona.

Sasa nitawaambia ya muzee Ézéchiel Mbarushimana, wa kitanda cha dirishani. Bila yeye hamutaelewa kwa nini niko na hasira siku ya sherehe.

Ni mufugaji wa milima ya Masisi. Vita ilimutoa kule, akakaa katika hema upande wa Kibati, ng'ombe zikabaki kwa watu asiowajua. Binti yake Bénédicte, anayeuza nyanya sokoni, ndiye aliyemuleta kwetu, baba alipoanza kutoka hemani na kutafuta ng'ombe katikati ya magari. Bénédicte anapika viazi na haragi mapema, anamuletea pamoja na uji na maziwa, halafu anakimbia sokoni. Asipouza, kesho hakuna viazi. Kwa hiyo kumulisha muzee ni kazi yetu sisi wa hospitali.

Kiswahili muzee alijifunza akiwa mutu muzima, kwenye masoko ya ng'ombe. Akili ilipoanza kuondoka, Kiswahili ndicho kilichoaga kwanza. Kilichobaki zaidi ni Kinyarwanda cha kwa mama yake. Na kwa Kinyarwanda, ile ka yetu ya mapenzi iko na meno. Mutu wa milimani ukimuita agasaza mbele ya watu, hujamubembeleza; umesema ni kizee kisichohesabiwa tena. Muzee Mbarushimana anaposikia kamuzee, anasikia hiyo. Stagiaire anafikiri ametia sukari, muzee ameonja pilipili. Ni kosa letu sisi wa hapa. Mugeni kutoka Kinshasa asingeweza kulifanya, kwa sababu hana ka ya kutia.

Mwaka jana Mama Léocadie aliomba ruhusa kwenda Kalengera kuzika shangazi yake. Siku chache tu. Aliporudi alinikuta ninapanguza uji ukutani. Muzee Mbarushimana alikuwa amefungwa mikono yote miwili kwa bande, vile vitambaa vya vidonda, kwenye vyuma vya kitanda, midomo imekauka, macho dirishani. Tangu mama aondoke alikuwa hajameza kitu isipokuwa maji. Patricia, stagiaire, musichana mwenye moyo muzuri, ninasema kweli, alikuwa karibu kulia.

"Mama, kamuzee ketu kamekataa kula. Ninakabembeleza, kananitemea."

Docteur Ruffin alikuwa anafanya tour, anapita kitanda kwa kitanda, vijana wa masomo nyuma yake. Alisema, bila kumuangalia muzee: "Huyu eko agité, hatulii. Atiwe sonde leo." Sonde ni ule mupira unaopita puani kwenda tumboni. Mutu asiyetaka kijiko, munafikiri atautaka mupira? Atauvuta. Basi mikono itabaki imefungwa ili asiuvute. Na mutu wa umri ule akifungwa kitandani, ngozi inafunguka, kifua kinajaa, na sisi sote tunajua anatoka hapa kwa mulango gani.

Mama Léocadie aliinama kitandani. Alifungua bande, mukono mumoja, halafu mwingine, akasugua mahali palipobaki alama. Halafu akageuka, na kwa sauti ile ile tamu ya pédiatrie, mbele ya vijana wote, akasema: "Kadocteur ketu Ruffin, tumeamuka muzuri? Leta kamukono kako hapa. Tushike kakijiko, ee? Hivyo, hivyo. Kadocteur ketu kanajua kazi."

Vijana walicheka. Mimi pia nilicheka, raclette ikaniponyoka. Docteur Ruffin alifunga kalamu yake, akaitia mufukoni, akatoka bila kumaliza tour.

Siku hiyo hiyo tuliitwa bureau ya mukubwa wa hospitali. Médecin directeur, docteur Laurent, nyuma ya meza. Docteur Ruffin kwenye kiti. Mama Léocadie amesimama. Mimi shahidi, ninanuka Javel ya kusafishia sakafu.

"Mama Léocadie," directeur akasema, "ni kweli ulimutukana docteur mbele ya wanafunzi wake?"

"Hapana, docteur. Nilimuita kwa upendo."

"Ulimuita kadocteur."

"Ndiyo. Kwa upendo."

Docteur Ruffin hakuweza kuvumilia. "Mama, mimi ni mutu muzima. Niko na bibi, niko na watoto, nimesoma mupaka nimechoka. Siwezi kuitwa hivyo katika kazi yangu."

"Muzee Mbarushimana naye eko na watoto. Ng'ombe zake zilikuwa zikishuka kunywa maji, wewe ungekaa chini ungojee zipite. Vijana wako wanamuita kamuzee asubuhi na mangaribi. Nilikuambia mara ngapi? Na ulinijibu nini?"

Docteur akaangalia viatu vyake.

"Sema, docteur." Mama Léocadie akamugeukia directeur. "Alinijibu: Mama, si ni kwa upendo."

Directeur aliangalia dari muda murefu kama mutu anayetafuta popo. Halafu akanigeukia. "Na wewe, Mama Julie, ulisikia nini?"

Nikamuambia: "Nilisikia mutu mukubwa ameumia kwa ka moja, na tumeacha kazi zote kumupoza. Yule mwingine amekula ka zake kila siku tangu aingie hapa, na sisi tumemufunga mikono."

Alimuagiza Mama Léocadie aombe musamaha. Aliomba, tena vizuri sana. "Docteur Ruffin, unisamehe. Wewe ni mutu muzima." Akangojea kidogo, ili neno lipate mahali pa kukaa, halafu akarudi kwa mugonjwa wake.

Alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa mahali ambapo muzee angeweza kuona uso wake. Akasema jina lake mwenyewe. Akasema, "Muzee Mbarushimana." Akangojea. Uji ukapoa. Mimi nilitaka kumuambia uji umepoa, nikaona heri nipanguze mahali nilipokwisha kupanguza. Baadaye kabisa muzee aligeuza kichwa, akanyosha mukono, akachukua kikombe yeye mwenyewe, akanywa. Mikono ile iliyokuwa imefungwa ilikuwa inajua kazi yake. Wala haikumwaga.

Kesho yake docteur Ruffin alikuja, akasimama pale pale. "Muzee Mbarushimana, mimi ni Ruffin." Hakuongeza kitu, wala sijasikia kwamba alikubali kosa mbele ya mutu. Lakini sonde ilirudi kabatini.

Toka siku hiyo ikawa sheria ya chumba: mwenye kutia ka mbele ya mutu muzima anachukua bidon, ule mutungi wa plastiki, anakwenda citerne, kwenye tangi kubwa, analeta maji. Musicheke, ilituletea maji mengi. Aliyebeba kupita wote ni Honoré, muuguzi kijana, mutoto wa muzee Cikuru wa Murara, ambaye alitoka pédiatrie na ka zake zote kama mutu anayehama na kuku. Alibeba mupaka mabega yakapanuka, wasichana wa pharmacie wakaanza kumusalimia. Patricia alibeba pia. Docteur Ruffin alibeba moja, siku ya mvua, na tunaihesabu.

Kuna jingine ambalo Mama Léocadie alilipiga vita, na hilo halikuwa na bidon, lilikuwa na machozi. Muzee Mbarushimana anauliza siku nyingi bibi yake, mwanamuke aliyemuoa, yuko wapi. Bibi yake, Nyirarukundo, alifia hemani. Stagiaire mumoja alikuwa anamujibu: "Muzee, si tulikuambia jana? Alikufa." Kila siku, muzee anapokea habari ya kifo kama mupya. Anashika kichwa. Analia kilio cha siku ya kwanza. Kesho tena. Niambieni, ninyi wenye vyeti, ni nani kati yenu angeweza kuzika bibi yake kila asubuhi mbele ya chai? Mama Léocadie alikuwa anakaa chini na kumuambia: "Unamungojea. Alikuwa anapika nini, tukifika kwenu?" Na muzee anaeleza ugali wa mutama, anaeleza maziwa ya kugandisha, mupaka anasahau kuuliza. Hakumudanganya. Alimupa mahali pa kuweka mapendo yake.

Sasa hasira yangu. Munafikiri imekwisha, kwa sababu ninaandika habari njema? Jumapili Mama Léocadie hatumiki. Jumapili ya baada ya Pasaka niliingia nikakuta alama ya bande kwenye mukono wa muzee. Mbichi. Niliuliza. Wakaniambia walikuwa wachache, alikuwa anasumbua, kamuzee kalikuwa na vurugu. Kamuzee. Mwanamuke amepigana mwaka muzima, na siku moja tu ya kupumzika ilitosha. Basi munielewe vizuri: kuanzia tarehe moja ya mwezi wa saba, kila siku itakuwa kama Jumapili. Ninyi munapiga makofi. Mimi ninaangalia kile kitanda cha dirishani.

Na si hiyo tu. Wiki iliyopita wakaleta kitambaa kikubwa cha sherehe, kile munachokiona kimetundikwa nyuma ya meza ya wageni. Walikichapisha mujini, kwa rangi. Kiliandikwa: KWAHERI KAMAMA KETU. Mimi nilisomewa, nikadhani wananitania, nikasoma mwenyewe kwa kidole. Mwanamuke wa miaka thelathini na mine ya kazi. Alipokiona hakukasirika. Alimuangalia Honoré, akasema: "Umeona? Sijatoka hata mulangoni, wameshanipunguza."

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Niko na mukasi wa kukatia mashuka yaliyochakaa. Mukiona leo kwenye kitambaa kuko matundu mawili, na neno WETU limeandikwa kwa makaa, musiulize ni nani.

Tour yake ya mwisho ilikuwa juzi. Honoré ndiye anayechukua chumba, na wakubwa walidhani Mama Léocadie atamupatia funguo, atamuonyesha kabati, basi. Alimuchukua kwa mukono kama mutoto wa kwanza wa shule, akamupeleka dirishani.

Kule milimani, mufugaji akitaka kumuachia mwenzake ng'ombe amuchungie, hatumi mutu mwingine amupeleke. Anakwenda mwenyewe, anasimama na ng'ombe mbele ya mwenzake, anasema jina la ng'ombe na tabia zake: huyu hapendi kuguswa sikio, huyu anaogopa mbwa, huyu anatoa maziwa ukimungojea. Mama Léocadie anaijua desturi hiyo. Sisi sote tulifikiri atasema: Honoré, ninakuachia muzee. Alimugeukia muzee. Alisema kwa Kinyarwanda, mimi ninawapa kwa Kiswahili:

"Muzee Mbarushimana, ni mimi Léocadie. Ninahama. Nimekuletea huyu umuchunge. Anaitwa Honoré, wa Cikuru. Anaharakisha sana. Anacheka kabla ya kuelewa. Ukimukemea hakimbii. Mikono yake ni ya joto."

Muzee alimuangalia Honoré kutoka viatuni mupaka kichwani, polepole, kama anavyoangalia mutu anayejua mifugo. Alimuambia azunguke. Honoré akazunguka. Patricia alikuwa amejificha nyuma ya pazia anajiuma kidole.

"Ni mwembamba," muzee akasema. Halafu akamugeukia Mama Léocadie na kumuuliza, juu ya kichwa cha Honoré: "Huyu anakula?"

Ilikuwa ile sentensi yetu, ile ile, imerudi kwa mwenye nayo. Honoré masikio yalimuwaka. Lakini hakucheka, na hapo nikajua bidon zile hazikuwa za bure. Alijibu mwenyewe: "Ninakula, muzee."

"Basi leta, tukule."

Honoré alileta sahani ya Bénédicte na vijiko viwili. Alivuta kiti, akala kijiko, muzee akala kijiko, haragi mupaka chini. Mama Léocadie alikuwa amesimama na mikono nyuma, hakugusa kitu. Walipomaliza, Honoré akasema: "Muzee, tumekula." Na kwa mara ya kwanza katika chumba kile neno hilo lilikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata muzee akamuuliza Honoré: "Wewe ni nani?" Niliona mudomo wa kijana unafunguka kwa ile "si nilikuambia jana". Ukafunga. "Mimi ni Honoré wa Cikuru, muzee. Nililetwa kwako unichunge." Muzee akasema: "Ni mwembamba. Anakula?" Na wakala.

Mama Léocadie, asante. Ulitukuta tunaongea juu ya vichwa vya watu, unatuacha wachache wetu tumejifunza kuvuta kiti. Kwako Murara, unywe chai ikiwa ingali moto, uamuke jua likiwa limekutangulia, ukemee wajukuu badala ya madocteur, na viatu vyako visiungue tena. Mungu akupe miaka mirefu na watu wa kukaa nao. Na ikiwa siku moja akili yako nayo itaanza kwenda na kurudi, usiogope. Nikiwa hai, mutu atakayekuita kamama atanikuta niko na mukasi.

Nanyi munaofuta gâteau midomoni, bado sijamaliza. Honoré ni mumoja. Hapumziki siku nyingine, lakini Jumapili anakwenda kwao. Bénédicte Jumapili anauza kupita siku zote. Mimi niko, lakini wazee ni wengi. Basi Jumapili, ukitoka misa, vuka uwanja. Piga hodi hata kama mulango uko wazi. Simama mahali muzee atakapokuona, sema jina lako na la baba yako, halafu useme la kwake, lote. Ungojee. Atakuuliza wewe ni nani. Mujibu kama ni mara ya kwanza. Atasema wewe ni mwembamba, hata kama unajua mwenyewe ulivyo. Usibebe zawadi. Kuja na kijiko chako.